Fulana ipimwe kwa rukuu

Juzi tuliposimama kusali magharibi, kijana wa safu ya mbele yangu hakupata utulivu hata kidogo. Kila akirukuu, mkono unatoka gotini unakwenda mgongoni kuvuta fulana. Akisujudu, fulana inapanda, suruali inashuka, na sisi wa nyuma hatujui macho tuyaweke wapi. Baada ya sala nilimkuta nje anavaa viatu, nikamwuliza kwa upole kama fulana zake zote ziko vile. Akanijibu, "Ami, hii ndiyo mpya. Niliinunua ya sikukuu."

Jibu lile limenikaa moyoni. Wanaume wa hapa Unguja fulana ndiyo nguo yetu ya kila siku: ndani ya kanzu, juu ya kikoi jioni barazani, kazini, kwenye vespa. Na bado tunainunua kwa kutazama rangi na maandishi ya kifuani. Mie nasema maandishi yatazamwe mwisho. Litazamwe kwanza bega, kisha urefu, na urefu wa fulana ya mtu anayesali haupimwi akiwa amesimama wima mbele ya kioo. Unapimwa akiwa amerukuu. Uchi wa mwanamume katika sala ni baina ya kitovu na magoti, kwa hiyo fulana inayopanda juu ya kiuno ukiinama haikufai, hata ukipewa bure.

Bega nimelitanguliza kwa sababu ndilo linalomshinda fundi. Ubavuni atakubania, chini atakukunjia, lakini mshono wa bega ukiteremka mkononi itabidi afumue mikono yote miwili akate upya, na kwa ujira huo ungepata fulana nyingine. Mshono uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukiingia ndani kuelekea shingoni, ujue fulana imekubana, na kwapani itachanika mapema.

Kwenye meza za mitumba za Darajani hakuna chumba cha kujaribia. Ndiyo maana hutembea na fulana yangu kuukuu inayonikaa vizuri, nimeikunja mkobani. Naitandaza juu ya ile ninayoitaka, bega kwa bega, kwapa kwa kwapa. Siku nikiisahau natumia mkono: bega hadi bega yangu ni shubiri mbili kamili, kwapa hadi kwapa ni shubiri mbili na vidole vinne, na kutoka shingoni hadi chini ni shubiri tatu na vidole vinne. Kila mtu ajue shubiri zake. Herufi ya kwenye lebo mie siitegemei, maana M iliyoshonwa kwa soko la Marekani mara nyingi ni pana kuliko L iliyoshonwa kwa soko la China, na kwenye meza moja utazikuta zote mbili zimelaliana.

Mwaka jana niliacha mitumba, nikaingia duka moja la nguo mpya mjini nikanunua fulana tatu kwa mpigo. Zilikuwa nzuri kweli zikiwa kwenye nailoni. Baada ya kufuliwa mara ya pili, mshono wa ubavuni ukaanza kusogea mbele. Kufika mwezi wa pili ulikuwa unapita karibu na kitovu, na fulana nzima imejipinda mwilini kama nguo iliyokamuliwa ikasahauliwa. Iliniuma, kwa sababu nilitoa pesa nzuri. Baadaye fundi wa mtaani kwetu alinieleza sababu: uzi wenyewe umesokotwa kwa upande mmoja, na kitambaa kikikatwa kwa haraka bila kufuata mstari wake, maji yanakirudisha kunakotaka. Tangu siku hiyo kila fulana naikunja katikati, bega juu ya bega, naiacha ining'inie. Mishono ya mbavuni ikiteremka sawasawa hadi chini, nanunua. Ikiachana, nairudisha mezani.

Na ndiyo maana mpaka leo naupenda mtumba. Fulana ya mtumba imeshafuliwa mara nyingi. Kama ilikuwa na tabia ya kujipinda, imeshajipinda, na kama ni ya kurudi, imeshapungua. Pamba mpya inaweza kupungua hata asilimia 5 katika fua za mwanzo, na kwa fulana ya urefu wa sentimita 72 hizo ni zaidi ya tatu, yaani vidole viwili. Vidole viwili ndivyo vilivyomfedhehesha yule kijana. Anayenunua mpya ya pamba basi aongeze vidole hivyo kabla hajalipa. Mtumba nao una mahali pake pa kukaguliwa: kwapani, kama pamegeuka manjano, na mbele karibu na pindo la chini, pale inaposuguana na kifungo cha suruali. Inyanyue juani pale pale. Vitundu vidogo kama vya sindano vikipitisha mwanga, fulana hiyo imeshachoka. Kisha vuta ukanda wa shingoni uuachie. Ukirudi upesi, bado una uhai.

Kuhusu kitambaa sina maneno mengi: pamba. Joto la kaskazi tunalijua, na poliesta katika joto lile inashika harufu ambayo sabuni haiitoi. Nakiri kwamba wakati wa masika pamba tupu inachelewa kukauka, na mwenye fulana mbili tu anaweza kuona nafuu kwenye mchanganyiko wenye poliesta kidogo. Uzito wa gramu 150 hadi 180 kwa mita ya mraba unatufaa. Lebo zetu aghalabu haziandiki hayo, basi ingiza mkono ndani ya fulana. Ukiweza kuhesabu mistari ya kiganja chako, ni nyepesi mno. Ukitilia shaka maneno ya muuzaji, chomoa uzi mmoja nyumbani uuwashe. Pamba huacha jivu laini lenye harufu ya karatasi iliyoungua, poliesta huyeyuka ikawa kijidonge kigumu. (Huwa inanisikitisha kwamba pamba inalimwa Simiyu na Shinyanga, sehemu kubwa inasafirishwa nje ikiwa ghafi, halafu sisi tunahangaika kutafuta fulana ya pamba.)

Tukifika nyumbani tunaziharibu wenyewe. Fulana iliyojaa maji inatundikwa kwa mabega na maji yote yanavuta shingo. Itundike kwa pindo la chini, umeigeuza ndani nje, kivulini penye upepo.

Jumamosi nilikwenda na yule kijana Darajani. Alishika kwanza nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, nikanyamaza. Aliipima kwa shubiri, akaikunja bega juu ya bega nilivyomwonesha, akairudisha mwenyewe. Akachukua ya kijivu isiyo na neno lolote, akaivaa juu ya ile aliyokuwa nayo, kisha akarukuu pale pale kando ya meza, mikono magotini, watu wanapita. Muuzaji akauliza, "Kijana kadondosha nini?" Nikamwambia anapima fulana.

"Imefika, ami?" akaniuliza akiwa bado ameinama.

Ilikuwa imefika, na vidole vinne vilibaki chini ya mkanda. Muuzaji alitaka elfu nane, tukamalizana kwa elfu sita, na kijana akaendelea kupekua akitafuta ya pili.