Maneno ya mhojiwa yaachwe yalivyo

Agizo moja huandikwa sana pembezoni mwa tasnifu za wanafunzi wetu, Unguja na Pemba: punguza nukuu, eleza kwa maneno yako. Lina sababu zake. Sura ya mapitio ya maandiko mara nyingi huwa nukuu juu ya nukuu, fulani kasema hivi, fulani kasema vile, na mwenye kazi hasikiki. Nadharia ya profesa inaweza kuelezwa kwa sentensi mbili na isipotee kitu. Hapo msimamizi ana haki.

Tabu huanza agizo hilohilo linapohamishiwa sura ya matokeo, kwenye maneno ya watu waliohojiwa.

Chukua mfano wa kubuni. Mkulima wa karafuu wa Wete anaulizwa kuhusu msimu ambao bei ilianguka, anajibu: "Mwaka ule tulichuma tukaacha." Mwanafunzi, kwa kuogopa nukuu, anaandika kuwa bei ilipoanguka wakulima waliacha kilimo cha karafuu. Mkulima hakusema hivyo. Huenda walichuma kiasi na nyengine zikabaki mitini. Huenda walimaliza mikarafuu ya karibu wakaiacha ya mbali. Maneno yake manne yalimwachia msomaji nafasi ya kuyapima, maelezo ya mwanafunzi yameifunga. Na madhara hayaishii hapo. Mtafiti mwengine ataichukua sentensi ile kama matokeo, ataipeleka kwenye makala yake, na rikodi ya sauti hatoisikia kamwe. Mkulima atakuwa ameshasemewa jambo zito ambalo hakulitamka, wala hana njia ya kulikanusha.

Wengine hupunguza nukuu kwa kuogopa asilimia za programu ya kukagua ufanano, kama Turnitin. Programu hiyo ina kipengele cha kuyaacha nje maandishi yaliyomo ndani ya alama za mtajo. Kinachomponza mwanafunzi zaidi ni sentensi ya mtu iliyobadilishwa maneno mawili matatu, kisha ikaachwa bila ya alama wala jina la mwenyewe.

Kwenye lahaja mvutano ni mkubwa zaidi. Mpemba akisema "ntoto", wapo wanaosahihisha ikawa "mtoto", wakihofia msomaji wa mbali atakwama au msemaji ataonekana hakusoma. Hofu ya kumdhalilisha mtu ni ya heshima, lakini anayesahihisha ndiye anayeichukulia lahaja kuwa kosa. Neno liandikwe lilivyotamkwa, na likiwa gumu kweli, maana yake itiwe ndani ya mabano mraba. Utafiti wa fasihi simulizi uliosanifishwa kimyakimya hauna tena cha kuchunguzwa. Beti za shairi hali kadhalika: ukizieleza kwa nathari, vina na mizani vimekwenda.

Kunukuu kuna ufundi wake, na makosa mengine hutokana na kuazima kanuni za Kiingereza bila ya kuzipima. Mtindo wa APA, wa Chama cha Saikolojia cha Marekani, unataka nukuu ya maneno 40 au zaidi isimame peke yake, iingizwe ndani sentimita 1.27, bila ya alama za mtajo. Kwa Kiswahili maneno 40 ni mengi, maana "hatukuwaambia" peke yake hubeba maneno matano ya Kiingereza. Nukuu ya maneno 35 inaweza kuijaza aya nzima. Ikivuka mistari minne, ni bora isimamishwe peke yake, msimamizi akiridhia.

Nafsi nayo imo ndani ya kitenzi. Ukiichomeka "tulichuma" katikati ya sentensi inayoanza na "wakulima", unalazimika kuandika "[wa]lichuma", na ukurasa unajaa viraka. Mtambulishe msemaji, weka nukta mbili, kisha nukuu nzima. Mwisho tia alama yake, mfano Mhojiwa 4, mwanamke, Micheweni. Kwa APA wahojiwa wa utafiti wako hawaingii kwenye orodha ya marejeleo. Baada ya nukuu eleza inathibitisha nini, kwa urefu usiopungua nukuu yenyewe. Wengi hapa ndipo wanapokosea: nukuu inatupwa, aya inakwisha, na msimamizi anaona uvivu.

Wahojiwa sita wakisema jambo moja, inukuliwe kauli iliyo wazi zaidi na waliobaki watajwe kwa idadi. Wa saba aliyesema kinyume anukuliwe neno kwa neno.