Huyo mnyoo ana kazi kubwa

Habari inasema Victor Ambros na Gary Ruvkun walipewa Nobel ya Tiba 2024 kwa ugunduzi wa mikro-RNA, yaani vipande vifupi vya RNA (molekuli jamaa ya DNA) vinavyodhibiti jeni, ugunduzi uliotokana na mnyoo wa udongoni C. elegans, na mwenzetu mmoja hapo juu ameuliza minyoo ya udongoni inatusaidia nini. Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Mimi hufundisha baiolojia, na naona hapa ndipo mwandishi kapita mbio.

Mnyoo huyu ana urefu wa milimita 1 tu na mwili wake unapitisha mwanga, hivyo kwa hadubini unaziona seli zikigawanyika akiwa hai. Jeni yake ya lin-14 hutengeneza protini inayohitajika utotoni, kisha lazima inyamazishwe. Inayoinyamazisha ni jeni nyingine, lin-4. Ilitarajiwa lin-4 nayo itoe protini. Wapi! Ilitoa kipande cha RNA cha herufi 22 hivi, kinachojibandika mkiani mwa ujumbe wa lin-14 (nakala ya RNA yenye maelekezo ya kutengeneza protini), na protini haitengenezwi tena. lin-4 ikiharibika, mnyoo hurudia hatua za utotoni na mayai humjaa tumboni kwa kukosa pa kutokea.

Hayo yalichapishwa 1993, wengi wakayaona ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikaonyesha kwamba let-7, mikro-RNA nyingine ya mnyoo, tunayo hata sisi binadamu! Leo zinajulikana mikro-RNA za binadamu zaidi ya 1,000, na zikivurugika huweza kuchangia saratani.

Wahariri, ongezeni mchoro wa lin-4 ikijibandika. Wanafunzi wangu wataushukuru sana.