Mtu asiye na mtani ndo wa kuogopa

Kuna mshkaji wetu, fundi simu Kariakoo, ana msimamo mmoja haumtoki, anasema binadamu hajawahi kupata dawa ya upweke kali kuliko vita. Aliitupa hiyo kauli kwenye grupu letu usiku, watu tulikuwa tunabishana mambo ya Ukraine na Gaza na Kongo na nani ana droni nyingi, akaja yeye na voisi ya dakika tatu, eti nyie mnaongelea silaha mnawasahau watu, vijana wanaenda vitani kwa sababu kule hakuna anayelala peke yake. Stika za kucheka zikamiminika. Mwalimu (tunamwita hivyo na ni mwalimu kweli, sekondari huko Mbagala) akamjibu kalale baba, hiyo wala siyo falsafa, hiyo ni njaa. Mhehe wetu akasema huyu aozeshwe haraka kabla hajatangaza vita na Zambia.

Nilicheka na mimi, ila ukiondoa masihara fundi hajakosea sana.

Waulize wazee waliokuwa vijana mwaka 1978. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba, tarehe 2 Novemba Nyerere akahutubia taifa, uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo, na mpaka leo mzee wa miaka sabini atakuigia hiyo hotuba na sauti yenyewe. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Sasa sikiliza wanavyosimulia. Hawaanzi na vifo. Wanaanza na watu kujitolea ng'ombe na magari, redio moja imezungukwa na mtaa mzima, jirani ambaye mlikuwa hamsalimiani mmekaa benchi moja mnasubiri taarifa ya habari. Ungedhani anakusimulia harusi. Habari za kuambiwa tufunge mkanda miezi 18, foleni za sabuni na sukari, na wale waliorudi wanashtuka usingizini, hizo hazitoki mpaka umchokonoe.

Na siyo wazee wetu tu. Mwanasosholojia mmoja Mfaransa, Émile Durkheim, aliandika mwaka 1897 kwamba nchi ikiingia vitani watu wanaojiua wanapungua, maana ghafla kila mtu ana wenzake na ana kazi ya kufanya pamoja nao. Ukiifikiria hiyo usiku inatisha. Inamaanisha ile amani yetu ya kawaida, kila mtu na mlango wake, ina kitu inachomnyima mtu mpaka bomu lije ndo akipate.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025, likasema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na likauhusisha na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka, kama watu 100 kila saa. Wengi wakisikia hivyo wanasema hayo ya Wazungu, sisi tuna ndugu, tuna misiba, tuna kitchen party. Njoo Kimara basi. Nyumba moja ya kupanga, wapangaji saba, choo kimoja, mtu anatoka alfajiri kuwahi mwendokasi anarudi saa tatu usiku, jirani wa mlango wa pili anamjua kwa rangi ya ndala zake tu, akiona ndala za bluu mlangoni anajua jamaa yupo, asipoziona anajua hayupo, na hayo ndo maongezi yao ya mwaka mzima. Kelele zote hizo za Dar, spika za bar, mahubiri, bodaboda, hazimzuii mtu kuwa mpweke, tena wakati mwingine zinamficha.

Sasa turudi kwenye ubishi, maana Mwalimu hakukubali kirahisi. Yeye akaleta sokwe. Na sokwe wenyewe siyo wa mbali, ni wa hapa hapa kwetu, Gombe, Kigoma, alikokwenda Jane Goodall mwaka 1960 na kukaa kuwachunguza (mama wa watu kafariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91). Kwa miaka ya mwanzo dunia ilifurahi, sokwe wanakumbatiana, wanachokoana chawa, wanatengeneza vijiti vya kuvulia mchwa. Halafu lile kundi lake likagawanyika, wengine wakabaki Kasakela upande wa kaskazini, wengine wakahamia Kahama kusini. Januari 1974 dume mmoja wa Kahama, walimpa jina Godi, alikuwa juu ya mti anakula peke yake. Kikosi cha Kasakela kikamtokea. Mtafiti wa Kitanzania Hilali Matama alishuhudia, mmoja akamgandamiza chini na wengine wakampiga na kumng'ata kama dakika kumi. Hakuonekana tena. Vita ikaendelea mpaka 1978, madume wa Kahama wakaisha wote, na hao waliouana walikuwa wanafahamiana miaka mingi. Kasakela wakachukua eneo, na halikuwakaa, kundi jingine kubwa la Kalande likawasukuma likawanyang'anya. Vita vya panzi furaha ya kunguru, hata porini.

Mwalimu akasema haya, mmeona, binadamu ni sokwe aliyevaa suruali, vita tumezaliwa nayo, mengine longolongo.

Mi hapo ndo nilipogoma. Kwanza wanasayansi wenyewe walikutana Seville, Hispania, mwaka 1986 wakatoa tamko kabisa, baadaye UNESCO ikalipokea, kwamba kusema vita imo kwenye damu ya binadamu haina msingi wa kisayansi. Pili, ng'ambo ya mto Kongo kuna bonobo, ndugu wa karibu wa hao hao sokwe, makundi yao yakikutana mara nyingi wanakaa wanakula pamoja, na watafiti hawajaona wakifanya vita ya kuuana kama ile ya Gombe. Ukitaka kumtetea binadamu kwa ndugu zake unao wa kuchagua.

Ila kilichonikaa kichwani kwenye hadithi ya Godi siyo ukatili, ni lile neno peke yake. Watafiti wamesema mengi kuhusu sababu, wengine wanalaumu hata zile ndizi walizokuwa wanagawiwa kambini zikaongeza ugomvi, lakini namna ya kuua ilikuwa ile ile, wanakuja wengi, wanamvizia aliye mmoja. Wakikutana wengi kwa wengi wanapigiana kelele na kutingisha matawi kisha kila mtu anarudi kwao. Yaani ukiwa na wenzako unatishiwa, ukiwa peke yako unauawa. Fundi akadaka hapo hapo, si niliwaambia. Ndo maana mtu anakimbilia kundi, hata kundi lenyewe liwe la kijinga, hata limkabidhi bunduki.

Sasa mimi naona sisi Watanzania tuna kitu ambacho hawa wataalamu wa vita hawakiongelei sana, ni utani. Na nikisema utani namaanisha ule wenyewe wenye sheria zake. Wangoni walitokea Afrika Kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, wakaja wanapiga kila aliye njiani, mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 wakakutana na Wahehe, wakatwangana mpaka wakachoka, hakuna aliyemmaliza mwenzake. Leo hawa ni watani. Mngoni anamwambia Mhehe mbele za watu amekula mbwa, na Mhehe anamjibu kitu ambacho siwezi kukiandika hapa, na wanalipiana nauli. Sijui ni nani aliyekaa akabuni huo mpango, labda hakuna, labda watu walichoka tu kuzika. Ila angalia ulivyo. Vita haikusahauliwa wala haikusamehewa kwa hotuba, imegeuzwa kuwa kazi ya kuchekana, na kila upande una haki ya kupiga.

Nimewahi kuona makaburini huku Temeke, mzee wa Kingoni anazikwa, kaburi tayari, padri na kitabu chake, watu kimya. Mama mmoja wa Kihehe akajifunga kanga kiunoni vizuri, akashuka kaburini akalala chali. Eti hatoki, marehemu ana deni la mbuzi tangu enzi za Mkwawa, lipeni ndo aingie. Padri akafunga kitabu akasubiri, anajua. Kijana mkubwa wa marehemu, ambaye tangu jana yake alikuwa hajaongea na mtu, akaanza kucheka huku kamasi zinamtoka, akatoa elfu kumi, mama akaiangalia akasema hii ni ya kwato tu. Ikabidi achangiwe. Alipotolewa mle, yeye huyo huyo ndo alikuwa wa kwanza kushika udongo, na ndo aliyebaki kuosha masufuria nyumbani mpaka usiku. Wataalamu wa ushauri nasaha watanisamehe, sijaona tiba ya haraka kama ile.

Simba na Yanga nitaenda haraka maana wenyewe mnajua. Yanga 1935, Simba 1936, na hatuwaiti mahasimu, tunawaita watani wa jadi. Ile tano moja ya Novemba 2023 mimi kama mwana Simba nimeambiwa na watu ambao hata mchango wa harusi hawajawahi kunipa, konda wa daladala kaninyooshea vidole vitano bila hata kunisalimia. Ila mtu akinionyesha vidole vitano huyo kaniona, kuna siku nzima inapita mjini hapa hakuna aliyekuona.

Mwalimu akanibana vizuri kwenye hili, na hoja yake ilikuwa nzito. Akasema utani huo huo ndo unaoanzisha mauaji, angalia Rwanda. Ni kweli. Redio moja ya kule, RTLM, ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na iliwavuta vijana kwa muziki mzuri na watangazaji wachekeshaji, watu wanasikiliza huku wanacheka. Ndani ya vichekesho hivyo Watutsi wakaitwa mende. Aprili 1994 mauaji yakaanza, siku kama 100, wakauawa watu wanaokadiriwa kufika 800,000. Tarehe 28 na 29 Aprili watu karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24, na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, ile ya Arusha, mwaka 2003 ikawahukumu waliokuwa nyuma ya redio hiyo na gazeti lililoimba wimbo huo huo.

Lakini Mwalimu, nani alikuwa anajibu? Kwenye redio ile Mtutsi hakuwa na maikrofoni. Huo siyo utani, hiyo ni kejeli ya upande mmoja, mtu anachekwa hana zamu. Mtani wangu ananiita mla mbwa na kesho anakuja kwangu na anajua nitamrudishia, ikibidi kwenye msiba wa baba yake. Siku nikinyimwa zamu ya kujibu naanza kuangalia mlango uko wapi. Na yule msikilizaji pia mfikirie, kijana hana kazi, yuko na redio yake, hakuna mtu wa jirani wa kumwambia wewe acha ujinga, hata wewe pua yako kama ya kwao. Upweke haumfanyi mtu kuwa muuaji, wengi wapweke hawaui hata nzi. Ila unamwacha na sauti moja tu, na mwenye hiyo sauti anaweza kumpeleka anakotaka.

Kwa hiyo mtu mnoko, mkali, mbishi, simuogopi. Namuogopa yule ambaye hakuna anayeweza kumtania. Bosi anayenuna ofisi nzima ikanyamaza, mwanasiasa ambaye ukimchora katuni unatafutwa, hata mshkaji ambaye kila ukimgusa anasema heshima, heshima. Nchi za watu hao zinakuwa na vita, nyumba zao pia.

Kuhusu fundi. Ile voisi yake aliituma saa saba usiku, Mhehe ndo aliyeiona hiyo saa, sisi tulikuwa bize na stika. Kesho yake kapanda daladala mpaka Kariakoo na simu ambayo haina tatizo lolote, kamwambia inapata moto, wakakaa pale kwenye kimeza chake wanaifungua wanaifunga, wakala chips mayai, wakagombana kuhusu Mkwawa. Hakumuuliza unaendeleaje. Alimuuliza umepata mke au bado unasubiri vita. Fundi akamchaji kuifungua.

Sasa juzi admini wetu kaleta mapendekezo, anataka marufuku ya makabila, dini, siasa na mpira, halafu grupu lifungwe saa nne usiku mpaka asubuhi, eti wengine tuna watoto wadogo. Dini na siasa tunaweza kukaa tukazungumza. Makabila na mpira nakataa, ukivitoa hivyo grupu linabaki la salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja Kigamboni. Na hiyo saa nne nakataa zaidi. Wanaolala mapema wazime mlio, kitufe kipo, wasiojua kilipo waende Kariakoo wakaonyeshwe, buku mbili tu.