Mkutano wa Video Unakwama? Usikimbilie Laptopu Mpya

Siku hizi ukitaja Zoom au Teams dukani, muuzaji anakupeleka moja kwa moja kwenye laptopu yenye kibandiko cha AI. Kwa hali ya hewa ya Mombasa, mimi ningelipia kwanza feni nzuri na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 16. RAM hasa, maana kwenye laptopu nyembamba nyingi imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuiongeza baadaye.

Mkutano wa video ni kazi isiyompa prosesa nafasi ya kupumua. Inabana picha yako na kufungua za wenzako saa nzima bila kituo. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na msimu wa kaskazi chumba cha ghorofa ya juu pale Tudor kina joto la kutosha kabla hujawasha chochote. Weka laptopu kitandani, godoro lizibe matundu ya hewa yaliyo chini, na mkutano ulioanza vizuri utaanza kurukaruka baada ya muda, midomo ikiachana na sauti. Isiyo na feni kabisa, kama MacBook Air tangu ile ya M1 ya mwaka 2020, ikizidiwa na joto hupunguza kasi tu.

Lawama zote huangukia intaneti. Zoom inahitaji takriban Mbps 2.6 za kupandisha na 1.8 za kushusha kwa picha ya 720p kwenye mkutano wa kikundi, kiasi ambacho faiba ya kawaida ya nyumbani inakimudu. (Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS, isiyo ile programu ya Teams, na SEACOM, zinatua hapa hapa Mombasa tangu 2009, kwa hivyo umbali si kisingizio.) Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja mkutano ukiendelea ili kufungua Task Manager, kisha utazame ukurasa wa CPU, yaani prosesa. Kasi ikiwa imeshuka chini ya ile ya msingi iliyoandikwa hapo hapo, huku matumizi yakiwa juu, tatizo ni joto au umeme. Kasi ikiwa nzuri, na matumizi yakiwa madogo, hapo sasa ilaumu ruta.

Kingine kinachokula nguvu sana ni ukungu wa kuficha mandhari ya nyuma yako. Programu inautenganisha mwili wako na ukuta, fremu baada ya fremu. Prosesa za Core Ultra, zilizotoka Desemba 2023, na Snapdragon X za 2024 zina NPU, sehemu iliyotengewa hesabu za AI, kwa kazi kama hii, lakini laptopu kuwa nayo hakumaanishi kwamba programu yako inaitumia. Washa ukungu wa Windows yenyewe na uzime ule wa programu. Ukiacha yote mawili, kazi inafanywa mara mbili. Kisha angalia grafu ya NPU kwenye Task Manager ile ile. Ikikaa sifuri, pesa yako imelala.

Wenye Snapdragon wahakikishe wameshusha toleo la ARM la programu ya mkutano, yaani lililoandikwa kwa aina yao ya prosesa. Lile la Intel litafunguka, ila amri zake zinapita kwa mkalimani, na betri ndiyo inayolipa. Kwenye mkutano wa watu wengi, acha kuonyesha nyuso zote. Mwonyeshe anayezungumza tu, picha za kufunguliwa zipungue.

Chumvi na unyevu wa bahari hugandisha vumbi kwenye mapezi ya kupoza. Lipulize kila baada ya miezi michache, laptopu ikiwa imezimwa, na uzuie feni isizunguke wakati wa kupuliza.

Na stima ikipotea? Laptopu inahamia betri na mara nyingi inajishusha kasi bila kukuuliza, kwa hivyo rudi kwenye mipangilio ya umeme uchague utendaji bora. Ruta nayo inazimika. Nyingi hutumia volti 12, na UPS ndogo (betri ya akiba) ya volti hizo inatosha kuivusha mpaka mkutano uishe, mradi usome ampea kwenye adapta yake kabla ya kununua.