Kibodi ya mekaniki kwenye saiba ya Kisumu: bei yake inalipa?

Mwenye saiba pale Oginga Odinga Street akilalamika kwamba kibodi zinamla pesa, hakosi wa kumwambia anunue ya mekaniki. Ushauri huo ni mzuri. Lakini sababu inayotolewa sana, yaani idadi ya mibonyezo, ndiyo yenye uzito mdogo.

Kibodi ya mekaniki ina swichi yake chini ya kila kitufe. Swichi za chapa ya Cherry MX hutangazwa kuhimili mibonyezo milioni 50 kwa kila kitufe, nyingine milioni 100. Kibodi ya kawaida, yenye utando na mpira chini ya vitufe, hukadiriwa milioni 5 hadi 10. Tupige hesabu. Anayetaipu maneno 40 kwa dakika, saa sita kwa siku, hubonyeza kama mara 86,000. Kama kazi ni ya Kiswahili, tuseme moja kwa sita ni herufi A. Kwa siku 300, A peke yake imepita milioni 4. Utando unakaribia kikomo chake, swichi ndiyo kwanza imeanza.

Ila kibodi za saiba haziishi kufikia hesabu hizo. Zinauawa na chai, soda, vumbi, na waya wa USB unaokunjwa palepale kila siku. Mekaniki haina kinga dhidi ya chai. Ubora wake huonekana baada ya ajali: utando ukiloa, mara nyingi kibodi nzima hutupwa, kwa mekaniki, A ikianza kujirudia, unang'oa swichi hiyo moja na kuweka nyingine. Hapo lazima ubao uwe na soketi, yaani sehemu za kuchomekea swichi bila kulehemu. Swichi zilizolehemiwa zinahitaji fundi, na malipo yake yanaweza kukaribia bei ya kibodi mpya ya kawaida.

Vifuniko vya vitufe navyo si urembo. Vya plastiki ya ABS huanza kung'aa kwa kusuguliwa na vidole, na herufi zilizochapwa juu tu hufutika. Plastiki ya PBT hustahimili zaidi. Herufi iliyoundwa kwa plastiki ya pili ndani ya kifuniko haifutiki kabisa. Juni 30 ikikaribia, foleni ya wanaojaza ritani za kodi za KRA imefika mlangoni na mteja anatafuta herufi moja moja kwa kidole, hilo ni jambo kubwa, na mimi ningelilipia kabla ya taa za rangi.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno mwenye kazi chache za kutaipu kwa muhula hahitaji gharama hii. Mwenye saiba anaihitaji, lakini kabla ya kulipa amwombe muuzaji ang'oe swichi moja mbele yake. Ikigoma kutoka, aulize bei ya kibodi nyingine.