Muthiga unatuliza koo, lakini si chai

Ukitafuna gome la mti wa muthiga, mwanzoni unasikia uchungu kidogo tu. Halafu moto kama wa pilipili unawaka kwenye ncha ya ulimi, unashuka kooni, macho yanalengwa na machozi. Baada ya dakika chache, koo lililokuwa likikwaruza linatulia. Nyanya alinipa dawa hiyo tangu nikiwa shule ya msingi: kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, nitafune, nimeze mate, niteme makapi. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Siku ya nne, hata ningelia, hakunipa tena.

Wamaasai huuita osokonoi, Wakipsigis soget, na wataalamu wa mimea Warburgia ugandensis. Watu wameutumia kwa kikohozi, mafua, jino na tumbo, nami bado nautumia koo linaponiwasha. Kinachonisumbua ni jinsi unavyouzwa siku hizi. Majuzi sokoni niliuziwa kopo la unga wa kahawia, limebandikwa karatasi: kisukari, presha, pumu, saratani. Nikamuuliza muuzaji kipimo ni kipi. Akanijibu, “Kunywa tu kama chai, mama, ni dawa ya asili, haina kemikali.”

Ina kemikali, tena kali. Katika miaka ya 1970 wanakemia, akiwemo Mjapani Koji Nakanishi aliyefanya kazi na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walichunguza magome ya miti ya jamii hii wakapata kitu kinachowafanya viwavijeshi wakatae kula. Wakakiita warburganal. Fikiria kiwavijeshi, anayekomba shamba zima la mahindi, anasusa jani kwa sababu ya kitu hicho! Baadaye maabara zikaonyesha kwamba kemikali za jamii hiyo huua pia aina fulani za kuvu. Kwa hiyo nyanya hakuwa akibahatisha. Lakini kuua kuvu kwenye kisahani cha maabara si sawa na kutibu saratani ya mtu, na kitu chenye nguvu namna hiyo hakinywewi kikombe baada ya kikombe, mwezi mzima.

Mjamzito asiutumie. Anayemeza dawa za presha, za kisukari au ARV amwambie daktari au mfamasia kwanza, na asiache vidonge vyake kwa ajili ya kopo. Na kuna jambo moja ninaloomba akina mama wenzangu walisikie vizuri: mtoto ambaye hajafika mwaka 1 asipewe dawa ya kikohozi iliyochanganywa na asali. Asali inaweza kubeba vimelea vinavyotoa sumu ndani ya utumbo wake mchanga, naye akalegea mwili mzima na kushindwa kupumua.

Kikohozi kikifika wiki 2, nenda ukapimwe TB. Nina jirani aliyekunywa unga huu miezi mitatu huku akikonda, na kila siku koo lilitulia kiasi cha kumfanya aahirishe safari ya hospitali. Alipopimwa, ilikuwa TB. Amemaliza dawa zake za miezi 6 na amepona, ila muda wote ule alikuwa akilala chumba kimoja na wanawe.

Mti wenyewe nao unaumia. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kupitia gome la ndani. Ukiubambua mti kuuzunguka wote, mizizi inakufa njaa na mti unakauka wima. Msituni nimeiona ya namna hiyo, myeupe kama mifupa. Nyanya alikata upande mmoja tu, kipande cha upana wa kiganja, na hakurudi hapo mpaka kovu lifunge. Muthiga wake bado upo nyuma ya zizi. Nilipoenda nyumbani mwezi uliopita sikugusa gome. Nilichuma jani moja nikalitafuna, na moto ulikuwa ule ule.