Kiti mwendo umempa, tairi likipasuka je?

Kila ikikaribia tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, au mheshimiwa akiwa na ziara jimboni, utaziona zile picha. Viti mwendo vimepangwa mstari uwanja wa shule bado vina nailoni, mgeni rasmi anamsukuma mtoto hatua mbili tatu, makofi, kamera, watu wanatawanyika. Mi sina ugomvi na msaada, mwenye nacho atoe tu, ila baada ya hapo nani anarudi kuuliza kile kiti kinaendeleaje?

Maana kiti mwendo siyo suruali ya mtumba kwamba ikipwaya utakaza mkanda. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ukimweka kwenye kiti cha mtu mzima analalia upande mmoja, mgongo unazidi kupinda, kifua kinabanwa, hata kumlisha inakuwa kazi. Na aliyeumia uti wa mgongo ndo balaa zaidi, huku chini hana hisia, akikaa kutwa kwenye kitambaa tupu bila mto unaofaa ngozi inaanza kufa na yeye hajui mpaka aone damu kwenye nguo, kidonda kinaingia ndani, na watu wanapoteza maisha kwa hivyo vidonda wakati ajali yenyewe walishaipona. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa hivi viti tangu 2008, tena kwa ajili ya nchi kama zetu zenye uwezo mdogo, na limetaja hatua nane: mtu aelekezwe kwenye huduma, apimwe, achaguliwe kiti, hela itafutwe, kiti kiandaliwe, kirekebishwe akiwa amekikalia, afundishwe kukitumia, halafu matengenezo na kumfuatilia. Sasa ile shughuli ya uwanjani iko kwenye hatua ya ngapi hapo?

Halafu watoto wanakua jamani. Aliyepewa kiti ana miaka 6, akifika 10 magoti yameshatokeza mbele huko na kiti ni kilekile. Hata miguu kifundo, yaani mtoto anazaliwa nyayo zimepinda kwa ndani, iko hivyohivyo, wengi wanajua mtoto anafungwa plasta inabadilishwa kila wiki mpaka mguu unyooke, wanachokuja kukishtukia ni kwamba baada ya plasta kuna viatu maalum vyenye chuma katikati, anavaa mchana na usiku kwa miezi kama mitatu, halafu usiku tu mpaka afike miaka 4 au 5. Mama ameshaona mguu umenyooka, nauli ya kutoka wilayani imekata, viatu vimekuwa vidogo, anaacha. Mguu unarudi kupinda. Watu watamlaumu mama, mi namwelewa kabisa, nauli za kwenda na kurudi mjini miaka minne mfululizo ungetoa wewe?

Hao ni watoto, angalau wanachangiwa. Wazee ndo hakuna anayewaona. Sensa ya 2022 hapa Tanzania watu waliulizwa kuhusu shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, yaani unachoshindwa kufanya. Sasa nenda nyumba yoyote uulize kama kuna mwenye ulemavu, utaambiwa hapana hatuna, na bibi yuko palepale ukumbini anapapasa ukuta kutafuta mlango. Ah, bibi ni uzee tu huo. Uzee gani, pengine ni mtoto wa jicho, lile linaondolewa kwa operesheni fupi tu na watu wengi wanaona tena! Shangazi yangu alipopata kiharusi, ndugu tulichangishana hela ya hospitali haraka sana, magrupu ya WhatsApp yaliwaka moto, ila aliporudi nyumbani mkono mmoja haufanyi kazi na choo ni cha kuchuchumaa, grupu kimyaa. Aliyemsaidia ni fundi wa mtaani, alikata kiti cha plastiki tundu katikati akachomelea na bomba la kushikilia ukutani, kazi ya mchana mmoja.

Mafundi kama huyo ndo ningewaanzia mimi. Kila mtaa una fundi baiskeli, ana spana, viraka na solusheni, na matairi ya viti vingi vya hapa ni ya kujaza upepo. Akifundishwa kidogo kuhusu beringi, breki na zile tairi ndogo za mbele, tatizo kubwa limeisha. Kinachokwamisha ni spea, unakuta kiti kimetoka ng'ambo na saizi ya tairi yake haipo duka lolote, kwa hiyo kinageuka kuwa sehemu ya kuanikia nguo.

Najua mtu atasema kuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni kitu kizuri, wapo waliofungua biashara zao kupitia hapo. Ila ule ni mkopo wa biashara, unarudishwa. Mtoto wa miaka 7 atakopa afanye biashara gani ili abadilishiwe kiti? Na babu mwenye miaka 80 anayetaka shimesikio, kile kifaa cha kumsaidia kusikia, je, na betri zake kila zikiisha? Hiyo ni huduma, ikae kwenye bajeti ya afya kama chanjo zinavyokaa.

Na ninyi mnaochangisha makazini na makanisani na misikitini, msiache. Ila kabla ya kuagiza tumeni mtu akaone anapoishi muhusika, njia ina mchanga au lami, mlango upana gani, chooni anaingiaje. Na kama hela inatosha viti 20, nunueni 12, inayobaki mkaiache kwa fundi aliye karibu na matairi ya akiba.